UZI: Jinsi ya kusoma DM zako kwenye kompyuta, Instagram mpaka WhatsApp, na kutoka bila kuacha mlango wazi

FundiWaWandegeya

Wakuu habari za leo, salamu kwa wote wa Kampala, Arua, Busia, Mbarara, na ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali.

Mimi niko kwenye kafe hapa Wandegeya, kazi yetu kubwa ni kuprinti na kuskani makaratasi ya wanafunzi wa Makerere, lakini swali naloulizwa karibu kila siku halihusu printa kabisa, ni hili: ssebo, inboksi yangu ya Instagram naweza kuifungua hapa kwenye mashine? Unaweza. Tena bure, na huhitaji kuinstoli kitu chochote. Shida watu hawaamini, wanaingia Google wanatafuta, wanakutana na viprogramu vya ajabu vinavyoahidi kukufungulia DM kwenye PC, kinaomba jina kinaomba paswedi, mtu anaweka, baada ya siku chache akaunti yake inawatangazia marafiki zake biashara ya dola za uongo. Nimechoka kuona watu wanalia hapa mezani kwangu, ndo maana nafungua huu uzi tuongee kwa kirefu.

Kitu cha kwanza mshike hiki: kila mtandao mkubwa una mlango wake rasmi wa kompyuta. Kwa hiyo programu yoyote ya mtu wa pembeni inayosema bila mimi huwezi kusoma meseji zako, hiyo inataka paswedi yako, basi.

Instagram. Andika instagram.com mwenyewe juu kwenye brauza, usibonyeze linki uliyotumiwa na mtu. Ingia kama kawaida, upande wa kushoto utaona alama ya meseji, hapo hapo. Zamani haikuwezekana, DM zenyewe zilianza Desemba 2013 kwenye simu, na kwenye brauza zikaja kwa watu wote Aprili 2020, ndo maana bado utakuta mtu anakushauri uweke BlueStacks ujifanye una simu ya Android ndani ya kompyuta. Ushauri huo umepitwa na wakati na BlueStacks inakula RAM mpaka mashine ndogo inaganda.

WhatsApp ni web.whatsapp.com. Kwenye simu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, gusa kuunganisha kifaa, elekeza kamera kwenye ile picha ya QR, imeisha. Hii ipo tangu Januari 2015 lakini enzi hizo kompyuta ilikuwa kioo cha simu tu, simu ikizima data na kompyuta inanyamaza. Tangu 2021 mambo yamebadilika, unaunganisha mpaka vifaa 4 na simu inaweza kuwa imezimwa kabisa na bado unaandika. Ila simu ikikaa siku 14 bila kutumika vile vifaa vinatolewa vyote.

Telegram ni web.telegram.org, unaweka namba, kodi (namba ya kuthibitisha ni wewe) inakuja ndani ya Telegram yenyewe kwenye simu, wengi wanakaa wanasubiri SMS wakati kodi imeshafika zamani. Na kama uliongea na mtu kwenye yale mazungumzo ya siri hutayaona kwenye brauza, yanakaa kwenye kifaa kilichoyaanzisha peke yake, usidhani yamefutwa. TikTok na X na LinkedIn unaingia tu kwenye tovuti unaona alama ya meseji. Snapchat nayo ina web.snapchat.com tangu 2022. Signal haina ya brauza, lazima uweke programu yao ya kompyuta halafu uunganishe kwa QR.

Facebook nitaisema peke yake huko chini kwa sababu kwetu Uganda serikali iliifunga.

Sasa kitu kinachoniuma. Mtu anakuja, anafungua, anasoma, anacheka na watu wake, muda ukiisha anabonyeza ile X ya kufunga dirisha anaondoka. Banange! Kufunga dirisha sio kutoka. Brauza inakukumbuka, anayekaa baada yako akiandika tu instagram anaingia moja kwa moja ndani ya inboksi yako na kila kitu ulichomwandikia mtu. Mimi nazunguka kila jioni natoa akaunti za watu kwenye mashine zetu, na nimekutana na za wazee wa heshima, za wanafunzi, za wafanyabiashara wenye picha za risiti na namba za vitambulisho. Siyo kila kafe ina mtu wa kuzunguka.

Kwa hiyo kwenye mashine isiyo yako anza na dirisha la faragha, Chrome na Edge ni Ctrl na Shift na N, Firefox ni Ctrl na Shift na P. Kwa nini? Kwa sababu umeme. Unajua kabisa umeme wetu, uko katikati ya kusoma unakatika, mashine inazima, huna hata nafasi ya kulogauti, unaondoka zako. Ukiwa kwenye dirisha la kawaida, ukirudi umeme akaunti yako bado iko wazi. Ukiwa kwenye la faragha imekufa na mashine. Brauza ikikuuliza nihifadhi paswedi, kataa. Instagram ikiuliza nikukumbuke, kataa. WhatsApp ina kiboksi cha kukaa umeingia, toa tiki.

Na ukimaliza, toa mwenyewe kwa kitufe cha kutoka. Ukifika nyumbani angalia tena kwenye simu. WhatsApp inakuonyesha vifaa vilivyounganishwa, Telegram ina orodha ya vifaa kwenye mipangilio, Instagram na Facebook wanayo kwenye kituo cha akaunti sehemu ya paswedi na usalama, panaonyesha umeingia wapi na kwa kifaa gani. Usichokijua kitoe.

Karibuni maswali.

MamaVitengeKikuubo

Asante sana mwanangu kwa kutufungulia macho. Mimi niko Kikuubo nauza vitenge, wateja wangu wengi wako Goma, Bunia na wengine Kisumu, wananiandikia Instagram na WhatsApp mchana na usiku, kwenye simu vidole vinauma na macho yanachoka, nikiazima laptopu ya binti yangu kazi inaenda haraka sana. Nna maswali mawili. Moja, kuna wateja wananilaumu waliniandikia Instagram sikuwajibu na mimi naapa hizo meseji sikuziona. Pili, kuna msichana ananisaidia dukani, nimpe paswedi anijibie watu nikiwa nimeenda kupokea mzigo?

FundiWaWandegeya

Mama heshima zako, asante kwa swali zuri.

Hizo meseji zipo mama. Mtu usiyemfuata akikuandikia, meseji yake haiendi kwenye inboksi ya kawaida, inakaa kwenye sehemu ya maombi, na kuna nyingine zinasukumwa mbele zaidi kwenye maombi yaliyofichwa ambako Instagram inaweka inazozishuku. Simu haikulii kengele ya maana. Ukifungua kwenye kompyuta utaona neno la maombi juu ya orodha ya meseji, bonyeza, shuka mpaka chini uone na zilizofichwa. Kwa mtu wa biashara nashauri kila asubuhi kabla ya kitu kingine upite pale, kwa sababu mteja mpya ndiye hasa usiyemfuata bado, na anayenunua kwa mara ya kwanza akinyamaziwa haandiki tena. Facebook nao wana sehemu ya maombi na sehemu ya taka, mambo ni yale yale.

La pili, usimpe paswedi. Sisemi msichana ni mbaya, Mungu amjalie, lakini paswedi ikishatoka kwako siku mkiachana kazi huwezi kujua iko wapi. Kwa WhatsApp weka WhatsApp Business, ni bure, unganisha laptopu ya duka kama kifaa kimoja, yeye anajibia pale na simu unabaki nayo wewe, siku ukitaka unaitoa laptopu kwa kugusa mara moja tu. Ina majibu ya haraka pia, unaandika alama ya mkwaju / jibu lako la bei au la usafiri linatokea lenyewe. Na ina lebo, unaweka huyu kalipa, huyu anasubiri mzigo.

Kwa Instagram na Facebook kwa pamoja kuna Meta Business Suite ambayo inakusanya inboksi zote mbili kwenye skrini moja na unaweza kumpa msaidizi ruhusa ya kujibu meseji tu bila kumwonyesha paswedi. Kitu kizuri mno. Shida iko kwenye business.facebook.com, yaani chini ya jina la Facebook, na hapo ndo kwetu inapogonga mwamba.

KijanaWaBusia

Haha fundi Facebook si unaweka tu VPN ya bure kwenye brauza (ile inayopitisha intaneti yako nchi nyingine) unaendelea na maisha, mimi niko mpakani nikivuka upande wa Kenya natumia bila kitu nikirudi huku nawasha VPN, tumezoea tangu enzi za OTT, ile kodi ya mitandao

FundiWaWandegeya

Kaka nakuelewa, na kwa wadogo ambao hawakumbuki: Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ndo ufungue WhatsApp, Facebook na wenzao, VPN zikaingia kila simu. Kodi ile ikaondolewa 2021 ikaletwa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Lakini kabla haijaondolewa, Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafuta akaunti walizosema zinahusiana na serikali, na serikali ikaifunga Facebook. WhatsApp na Instagram zikarudi, Facebook ikabaki imefungwa miaka na miaka.

Sasa sikubaliani na wewe kwenye neno "tu". VPN ya bure ya kubandika kwenye brauza, siku unaiweka inakuomba ruhusa ya kusoma na kubadili kila kitu kwenye tovuti zote unazotembelea. Soma tena hayo maneno. Kila tovuti. Pamoja na hiyo inboksi ya Instagram ambayo haikuhitaji VPN hata kidogo, pamoja na benki yako, pamoja na barua pepe. Na mtu anayeendesha mitambo nchi nyingi halafu hakudai hata senti, jiulize analipwa na nani. Kama lazima utumie, tumia ya kampuni inayojulikana, tena iwe programu kamili yenye sifa, na uwe na brauza moja ya peke yake kwa kazi hiyo.

Na kuna hili ambalo watu hawalijui. VPN zinakurusha nchi tofauti kila ukiwasha, asubuhi Facebook inakuona Uholanzi, mchana Marekani, jioni Singapore. Mashine zao zinaona ni mwizi, zinafunga akaunti zinaomba uthibitishe kwa namba ya simu uliyoacha kutumia zamani. Akaunti nyingi zinazoletwa kwangu zimefungwa hazikuibiwa na mtu yeyote, ni mwenyewe na VPN yake. Chagua nchi moja ukae hapo hapo.

Pia kwa wale wa Messenger, ile programu yao ya kuinstoli kwenye Windows na Mac ilisitishwa Desemba 2025, kwa hiyo ukikuta mtu anakupa faili la kuinstoli Messenger ya PC leo, kimbia. Na tangu Desemba 2023 walipoanza kufunga mazungumzo ya watu wawili kwa usimbaji, yaani wayasome wao wawili peke yao, ukiingia kwenye kompyuta mpya inaweza kukuomba PIN ya tarakimu 6 ndo meseji za nyuma zitokee. Usiibahatishe, itafute kwanza ulipoiandika.

AruaKwetu

Mimi nichangie kidogo kwa wale wanaotumia hotspoti ya simu kwenye laptopu kama sisi huku Arua. Watu wanasema WhatsApp Web inakula bando, mara nyingi sio WhatsApp, ni Windows! Ikiona Wi-Fi inafikiri uko Ulaya, inaanza kushusha apdeti nyuma ya mgongo wako, bando la wiki linaisha kabla hujamjibu mtu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, bonyeza ile hotspoti yako, washa sehemu inayosema mtandao huu ni wa kupimiwa (metered connection), hapo apdeti kubwa zinasubiri. Halafu kwenye programu ya WhatsApp ya kompyuta zima kujishushia picha na video zenyewe, yale magrupu ya ukoo na video za maombi ndo muuaji. Ukifanya hayo mawili utashangaa bando linavyodumu.

FundiWaWandegeya

Kabisa AruaKwetu, hiyo ya kupimiwa ningeiweka kwenye posti ya kwanza kama ningeikumbuka, asante sana.

MwalimuMstaafuHoima

Vijana wangu hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, macho yamepungua nguvu. Wajukuu wananiandikia kwa simu lakini herufi ni ndogo mno kwangu, namwomba jirani anisomee na kuna mambo ya familia nisiyopenda jirani ayajue. Mwanangu ameniletea kompyuta ya mezani. Je, kuna njia herufi ziwe kubwa? Naomba mnielekeze taratibu.

FundiWaWandegeya

Shikamoo Mwalimu. Kompyuta ndiyo hasa dawa yako.

Fungua web.whatsapp.com, ukishaunganisha (mwombe mwanao akusaidie siku ya kwanza tu) shikilia kitufe cha Ctrl, huku umeshikilia gusa alama ya kujumlisha +. Kila ukigusa herufi zinakua. Ukizidisha gusa ya kutoa. Gusa Ctrl na 0 irudi kama mwanzo. Inafanya kazi Instagram pia na kila tovuti, brauza inakumbuka ukubwa uliouchagua kwa kila tovuti kwa hiyo kesho hutaanza upya.

Na kama siku moja hata hizo zitakuwa ngumu, kuna programu ya bure inaitwa NVDA, inasoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini ya Windows, ilitengenezwa kwa ajili ya wasioona na ina sauti ya Kiswahili ndani yake, sauti ya mashine kidogo lakini inaeleweka. Meseji za sauti wajukuu wanazotuma nazo utazisikiliza kwenye spika za kompyuta, zina nguvu kuliko za simu. Mashine ikiwa yako nyumbani huna haja ya dirisha la faragha wala kutoka kila mara, weka tu paswedi kwenye Windows yenyewe ili mgeni asikae akafungua.

MwalimuMstaafuHoima

Nimejaribu. Nimeona picha ya mjukuu na nimesoma barua yake yote mwenyewe. Mungu awabariki sana.

Mkimya22

Wadau mimi swali langu ni tofauti, mke wangu siku hizi simu anaiweka kifudifudi, anacheka usiku na watu nisiowajua. Nataka kufungua DM zake kwenye kompyuta ya ofisini asijue. Naona mnajua mambo haya, nielekezeni, au inboksi kama hamtaki hapa wazi.

FundiWaWandegeya

Ndugu yangu pole, naona unaumia na silichukulii kirahisi. Lakini hapana, sitakuelekeza hapa wala inboksi, na naomba asikuelekeze mtu yeyote kwenye uzi huu. Akaunti ni ya kwake. Kama kuna jambo, mwite mkae mzungumze, au mshirikishe mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Na wale wanaokutangazia kwamba wanahak Instagram kwa elfu hamsini, wanakula hela yako halafu wanakugeuzia kibao, tulipe tena la sivyo tunamwambia mke wako.

DadaSheria_Kla

Niongeze upande wa sheria maana huyu sio wa kwanza kuuliza. Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kuingia kwenye data ya mtu bila ruhusa yake ni kosa la jinai, na ndoa haikupi ruhusa hiyo. Katiba yetu ya 1995 ibara ya 27 inalinda mawasiliano ya mtu yasiingiliwe. Watu wanafikiri ni mambo ya nyumbani tu, lakini mambo ya nyumbani nayo yanafika polisi na mahakamani.

Na tugeuze swali lake liwasaidie wengine. Njia wanayotumia sana hao wapelelezi wa nyumbani haina udukuzi wowote: unaenda kuoga, simu iko wazi, mtu anachukua anaunganisha WhatsApp yako kwenye kompyuta yake. Tangu siku hiyo anasoma kila kitu na simu yako haionyeshi tofauti. Dada zangu na kaka zangu, fungueni vifaa vilivyounganishwa leo, sasa hivi, kabla hamjamaliza kusoma hapa.

MamaVitengeKikuubo

Nimefungua. Kuna Chrome ya Windows ambayo mimi siijui, inaonyesha ilitumika jana. Laptopu ya binti yangu ni nyingine nimeiona pale. Nifanye nini jamani moyo unadunda.

FundiWaWandegeya

Mama tulia. Gusa hiyo unayoitilia shaka, chagua kuitoa. Imetoka hapo hapo, haiwezi kusoma kitu kipya. Halafu ingia mipangilio, akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili, PIN yako mwenyewe ambayo sio mwaka wa kuzaliwa. Weka pia loki ya skrini kwenye simu kama hukuwa nayo, kwa sababu kuunganisha kifaa kunahitaji mtu aishike simu yako ikiwa wazi.

Au akupate kwa njia ya pili, nayo naisema kwa herufi kubwa: WhatsApp SIKU HIZI INAWEZA KUUNGANISHWA KWA KODI YA HERUFI 8 BILA KUSKANI. Mtu anapiga simu anasema anatoka kampuni ya simu, au umeshinda kitu, au ni grupu la mkopo, anakuambia itakuja taarifa kwenye WhatsApp igonge uandike kodi hii ntakayokusomea. Ukiandika, umemkaribisha kwenye WhatsApp yako kwa mkono wako. Hakuna kampuni inayohitaji hilo. Je mama kuna mtu alikupigia?

MamaVitengeKikuubo

Nimekumbuka. Wiki iliyopita kuna kijana alipiga akasema anasajili wafanyabiashara wa Kikuubo kwa mkopo. Nilimfuata hatua zote. Nimeitoa sasa, na PIN nimeweka. Wateja wangu niwaambie?

FundiWaWandegeya

Waambie mama, leo hii, hasa waliokutumia pesa kwa mobail mani. Huyo mtu ameona bei zako, majina yao, namba zao. Kitu wanachofanya ni kumwandikia mteja kama wewe, tuma kwenye namba hii mpya ya zamani ina shida. Andika kwenye status na umpigie kwa sauti kila mwenye oda kubwa, umwambie namba ya kulipia haijabadilika.

KijanaWaBusia

Pole sana mama. Fundi hapo nimekubali, nimetoa ile VPN ya kwenye brauza na nimeangalia vifaa vyangu, nilikuwa bado niko ndani ya Telegram kwenye kafe moja ya Malaba. Ila bado nasema dirisha la faragha linatosha kwa kafe, si ulisema linasahau kila kitu?

FundiWaWandegeya

Linasahau kuki (zile kumbukumbu za brauza kwamba umeingia) na historia, halisahau mafaili. Mteja akikutumia risiti ya PDF ukaishusha, inabaki kwenye folda ya Downloads hata ukifunga dirisha. Nenda ukaifute na ufute kwenye pipa la taka pia. Fleshi nayo usiisahau imechomekwa nyuma ya mashine.

Na kuna jambo dirisha la faragha haliwezi kabisa, mashine yenye programu inayorekodi kila kitufe unachobonyeza. Hiyo inachukua paswedi yako kabla haijafika hata kwenye brauza. Kafe usiyoijua, mashine ya mtu wa njiani, usiandike paswedi. Hapo WhatsApp kwa QR ina nafuu kwa sababu huandiki kitu, ila bado wanaweza kuona skrini. Instagram weka uthibitisho wa hatua mbili ili hata paswedi ikiibiwa isitoshe, na kama unaweza tumia programu ya kutoa kodi badala ya SMS, sababu wengi wetu tuna laini za Kenya na za Uganda na SMS inakuja kwenye laini iliyo kwenye droo nyumbani. Zile nambari za akiba wanazokupa, ziandike kwenye karatasi.

BodaNtinda

Mkubwa simu yangu ilikwapuliwa juzi pale Ntinda, line nimeshairudisha ila simu mpya bado sijapata hela. Laptopu ya kaka yangu ina WhatsApp yangu niliunganisha zamani. Itaendelea?

FundiWaWandegeya

Itaendelea ila muda unahesabiwa, zile siku 14 tangu simu ilipotumika mara ya mwisho. Leo andika majina na namba muhimu, shusha faili unazohitaji. Lakini fikiria hivi pia, kama ile simu haikuwa na loki mwizi naye anasoma na anaomba watu wako hela. Chukua simu yoyote ya kuazima, hata ya kaka, weka laini yako, sajili WhatsApp upya. Ile ya mwizi inatolewa papo hapo. Na laptopu nayo itatoka, usishangae, unaiunganisha tena. Instagram na Facebook ingia kwa laptopu hiyo hiyo, badili paswedi, toa vifaa vingine vyote. Anza na barua pepe kabla ya hizo zote, maana anayeshika barua pepe yako anazirudisha paswedi zote kwake.

SarahMbarara

Samahani nimechelewa kwenye uzi. Kuna mtu ananidai kwa uongo, tuliandikiana yote Instagram na nina ushahidi pale kwamba nilishamlipa, lakini meseji ni za miaka, skrinshoti zitaisha lini? Kompyuta inaweza kusaidia?

FundiWaWandegeya

Inaweza dada Sarah. Ingia Instagram kwenye kompyuta, kituo cha akaunti, sehemu ya taarifa zako na ruhusa, omba kupakua taarifa zako. Chagua meseji peke yake usiombe kila kitu, weka tarehe unazotaka, na kwenye aina ya faili chagua HTML, usichague JSON, hiyo nyingine ni ya mashine kusoma sio wewe. Watakuandikia barua pepe ikiwa tayari, inaweza kuwa baada ya saa chache au zaidi. Ni faili la zip, lifungue, tafuta folda ya meseji, jina la huyo mtu, bonyeza inafunguka kwenye brauza na tarehe zake zote, unaprinti.

Usifanyie hiyo kafe, faili hilo lina maisha yako yote ndani. Fanya kwenye mashine ya mtu unayemwamini, na usimfute wala usimbloku huyo mtu kabla hujalipata, na zile meseji za kwenye simu ziache kama zilivyo, DadaSheria atakuambia vizuri zaidi nini mahakama inataka kuona.

DadaSheria_Kla

Sarah nitafute inboksi. Tafuta na rekodi za malipo kwenye mobail mani, meseji peke yake zinabishaniwa, muamala una tarehe na namba.